Jukwaa Lililonyamaza na Maswali Yake 61

Kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikilitunza jukwaa la mtandaoni la watu wanaotengeneza redio za zamani, jukwaa ambalo kabla ya hapo lilikaa karibu miaka 6 bila mtu wa kulitazama. Naandika kwa sababu watu kadhaa wameniuliza nilianzia wapi, na wengi wao wanaamini kwamba kulifufua jukwaa ni kazi ya kuwaita watu warudi. Mimi naona kazi hiyo huja mwishoni. Jukwaa huanza kufa siku mtu anapouliza swali la kweli na asijibiwe, na uhai wake huanza kurudi pale swali lilelile linapopata jibu, hata kama aliyeuliza ameshaondoka zamani.

Mwenyewe nilifika pale nikitafuta msaada. Nilikuwa na redio ya vali, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, iliyokuwa ikitoa mvumo mzito kila nilipoiwasha, na injini ya kutafuta ikanipeleka moja kwa moja kwenye uzi, yaani mfululizo wa ujumbe wa mada moja, ulioandikwa miaka 8 kabla, wenye swali ambalo ningeweza kuapa kuwa nimeliandika mimi: aina ileile ya redio, mvumo uleule, hata ule wasiwasi wa kuogopa kuigusa. Chini ya swali hakukuwa na kitu. Pembeni, programu ya jukwaa ilionyesha kwamba uzi ule ulikuwa umesomwa mara 4,312. Niliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Hata ukitoa hesabu ya roboti, yaani programu za kompyuta zinazopitapita kila ukurasa, bado ni watu wengi waliofika mlangoni na shida moja, wakakuta swali lao limeshaulizwa, wakaondoka mikono mitupu.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 ya watumiaji husoma tu, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndio huandika sehemu kubwa ya yote yanayosomwa. Ni kanuni ya makadirio, na uwiano hutofautiana kati ya jumuiya moja na nyingine, lakini yeyote aliyewahi kusimamia jukwaa anaitambua sura hiyo. Wanaofufua majukwaa hukosea hapa, kwa sababu huitazama ile asilimia 1 iliyohama wakadhani nyumba ni tupu, ilhali wasomaji wanaendelea kuingia na kutoka kimyakimya kila siku. Jukwaa langu halikuwa limekufa kwa maana hiyo. Lilikuwa na wageni ambao hawakupata mwenyeji.

Mwanzilishi wake nilimpata baada ya wiki kadhaa, kupitia mwanachama wa zamani aliyekuwa bado na anwani yake. Alinijibu kwa upole akaniambia, "Ndugu yangu, nilichoka, na kila mwaka nimekuwa nikilipia jina la kikoa kwa sababu tu sikuwa na moyo wa kulifunga." Namshukuru kwa malipo hayo kuliko kwa kitu kingine chochote, maana jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, likiachwa bila kulipiwa linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, na hapo viungo vyote vilivyowahi kuandikwa duniani kuelekea kwenye jukwaa lako vitampeleka msomaji kwa mgeni huyo. Alinikabidhi funguo za seva, za kikoa na za akaunti ya msimamizi, nami nikamwahidi kwamba sitafuta chochote kabla ya kukisoma.

Kabla ya kugusa kitu chochote nilitengeneza nakala rudufu ya hifadhidata pamoja na mafaili yote yaliyopakiwa na wanachama, nikaiweka katika sehemu 2 tofauti, kisha nikajaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine ili nione kama kweli inafanya kazi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Baada ya hapo nilishughulika na programu yenyewe. Ilikuwa ikitumia toleo la 5.6 la PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, ambalo lilikoma kupata marekebisho ya usalama tarehe 31 Desemba 2018, na maneno ya siri ya wanachama yalikuwa yamehifadhiwa kwa MD5, njia ambayo udhaifu wake ulikuwa unajulikana tangu zamani. Nilipandisha matoleo hatua kwa hatua, nikabatilisha maneno ya siri yote ili kila atakayerudi aweke jipya, kisha nikaweka cheti cha usalama kutoka Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo bila malipo. Cheti hicho si pambo. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kimekuwa kikiziwekea alama ya kutokuwa salama tovuti zote zisizo na usimbaji fiche, na mgeni anayekaribishwa na onyo la namna hiyo hana sababu ya kujisajili.

Takataka zilikuwa nyingi kupita nilivyotarajia. Katika miaka ile ya upweke roboti zilikuwa zimejisajili kwa maelfu na kupachika viungo vya dawa, kamari na mikopo katika kila kona iliyokuwa wazi. Ujumbe huo haukuandikwa ili wanachama wausome. Uliandikwa kwa ajili ya injini za kutafuta, ambazo huupima ukurasa kwa kuangalia viungo vinavyoelekea kwake, na ndiyo maana mwaka 2005 kampuni kubwa za utafutaji zilikubaliana juu ya alama ya kuitambulisha injini kwamba kiungo fulani kisihesabiwe. Alama hiyo ilipunguza faida ya mchezo, lakini haikuukomesha.

Nilifuta kwa makundi: kwanza akaunti ambazo ujumbe wake wa kwanza kabisa ulikuwa na kiungo cha nje, kisha akaunti zilizojisajili dakika moja na nyingine nyingi kutoka anwani ileile, na mwisho zile za mashaka nilizozipitia moja moja kwa macho yangu. Kazi hii ilinichukua majuma 5 ya jioni. Ningeweza kufuta kila kitu kilichoandikwa baada ya tarehe fulani na kumaliza kwa saa moja, lakini humo ndani, katikati ya matangazo ya kamari, kulikuwa na watu wa kweli waliokuja kuuliza wakati nyumba haina mwenyeji, na hao ndio niliokuwa nawatafuta. Mlangoni niliondoa picha zile za herufi zilizopindapinda, ambazo roboti za leo huzisoma vizuri kuliko wazee wetu, nikaweka swali moja ambalo mtu aliyewahi kufungua redio hulijibu bila kufikiri. Kwa jukwaa dogo la fani maalumu, ulinzi wa namna hiyo unatosha kwa kiasi cha kushangaza, kwa sababu hakuna anayetunga roboti kwa ajili ya lango moja tu.

Wapo walionishauri nianze upya, kwa programu mpya na kurasa safi, na kuyaacha ya zamani yaende. Nilikataa, na sababu zangu zinatokana na historia ya mijadala ya mtandaoni yenyewe. Ujumbe wa miaka ya mwanzo ya Usenet, mtandao wa mijadala uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, haukuhifadhiwa na mpango wowote rasmi wa mtandao huo. Sehemu kubwa ya kinachosomeka leo kuanzia mwaka 1981 hadi 1991 iko hai kwa sababu Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliendelea kuinakili kwenye mikanda ya sumaku, na mikanda hiyo ikaokolewa baadaye, ujumbe unaozidi milioni 2. Upande wa pili kuna Yahoo Groups, ambako vikundi vya kila fani vilikaa kwa karibu miaka 20, kisha mwezi Oktoba 2019 ikatangazwa kwamba yaliyomo yataondolewa, na kufikia Desemba 2020 huduma nzima ilikuwa imefungwa. Watu wa kujitolea walikimbizana na muda kuokoa walichoweza. Maarifa mengi ya ufundi wa mikono yalikuwa humo, yameandikwa na watu ambao wengine hawapo tena kuyaandika mara ya pili.

Kwa hiyo kila anwani ya zamani ya jukwaa letu inafanya kazi hadi leo. Nilipoziunganisha sehemu zake, niliielekeza kila anwani ya uzi mahali pake papya kwa njia ya kudumu, ili kiungo kilichoandikwa na mtu mwingine miaka 10 iliyopita kiendelee kumfikisha msomaji. Hasara moja sikuweza kuizuia: picha. Wanachama wengi walikuwa wamehifadhi picha zao kwenye huduma za nje, na huduma moja ilipobadilisha masharti yake, mamia ya nyuzi zilibaki na visanduku vitupu pale palipokuwa na mchoro wa saketi au picha ya waya uliokatika. Baadhi nilizipata katika hazina ya Internet Archive, shirika linalohifadhi nakala za kurasa za wavuti tangu mwaka 1996, nazo nilizirudisha moja moja. Kwa zilizobaki niliandika maelezo mafupi ya kile ambacho maandishi yanaonyesha kuwa kilikuwa kwenye picha. Sasa picha zote mpya zinapakiwa kwenye seva yetu wenyewe, jambo linalogharimu nafasi, na ningelipia nafasi hiyo mara mbili bila kusita.

Baada ya usafi huo ndipo nilipoorodhesha maswali yote ambayo hayakuwahi kupata hata jibu moja. Yalikuwa 61. Nilijiwekea sharti kwamba sitamwalika mtu yeyote kabla sijayapitia yote, nami nililitimiza kwa miezi 3.

Hiki ndicho kipindi ninachokithamini kuliko vyote. Maswali mengine yalikuwa mepesi, na nilijiuliza ilikuwaje yakaachwa. Lile la mvumo, kwa mfano, lina jibu ambalo fundi yeyote wa redio za vali angelitoa usingizini: kapasita kubwa zinazolainisha umeme zimekauka kwa uzee, haziwezi tena kuuondoa ule mtikisiko unaotoka kwenye umeme wa ukutani, na mtikisiko huo ndio unaosikika kwenye spika. Nilieleza namna ya kuzipima, namna ya kuchagua mbadala wenye volti zisizopungua zile za awali, na kwa nini redio iliyokaa miaka mingi isiwashwe kwa umeme kamili mara moja, bali ipitishiwe kwanza balbu ya kizamani iliyounganishwa kwa mfululizo, ambayo itawaka kwa nguvu na kuuzuia mkondo usizidi endapo kuna hitilafu ndani.

Mengine yalinilazimu kujifunza upya. Kulikuwa na mtu aliyeuliza kwa nini redio yake ilipoteza stesheni kila baada ya dakika 20, na ili nimjibu bila kubahatisha nilifungua redio yangu ya aina ileile, nikaiacha iwake kando ya kipimajoto jioni 3 mfululizo. Sikujua kama angewahi kusoma. Barua pepe za taarifa zilizotumwa kwa waulizaji hao 61 nyingi zilirudi kwa kukosa mwenye anwani, na waliojibu walikuwa 7 tu, mmoja akisema kwamba redio ile aliitupa. Lakini niliandika nikiwafikiria wale 4,312, na wale watakaokuja baada yao, maana jibu la jukwaani humfaa aliyeuliza kwa siku moja na humfaa msomaji kwa miaka.

Pia nilikutana na jambo ambalo sikulitegemea, nalo ni majibu yaliyokuwepo lakini ya hatari. Katika nyuzi 9 wanachama walikuwa wameshauriwa kugusa sehemu za ndani mara tu baada ya kuchomoa waya ukutani, ilhali kapasita za redio ya vali zinaweza kubaki na mamia ya volti hata umeme ukiwa umekatwa. Katika uzi mmoja mtu alisifiwa kwa kuifanyia kazi redio isiyo na transfoma ya umeme, ambayo chasisi yake ya chuma inaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja, na hakuna aliyemwonya. Nilifikiri sana nini cha kufanya. Kufuta kungeharibu mtiririko wa mazungumzo, tena kungewapokonya wenyewe maneno yao, na kuhariri ujumbe wa mtu bila idhini yake ni kumsemesha asichosema. Niliamua kuweka juu ya kila uzi wa namna hiyo ilani yenye jina langu na tarehe, inayosema ni ushauri upi usifuatwe na kwa nini. Anayefufua jukwaa hurithi pia makosa yake, na kosa lililoandikwa mahali panapoaminika huendelea kufundisha.

Nilipomaliza, jukwaa lilikuwa na vyumba 34, ambavyo 20 na zaidi havikuwa vimeandikwa kitu kwa miaka. Nilivipunguza vikawa 5. Mgeni akikuta vyumba vingi vitupu huona ukimya kila anapogeuka, lakini mazungumzo yaleyale machache yakikusanywa chumba kimoja, husikika.

Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba msimamizi ajitengenezee akaunti kadhaa za uongo, aulize na kujijibu, ili jukwaa lionekane lina watu. Naupinga kwa moyo wote. Jukwaa la ufundi huuza kitu kimoja tu, nacho ni uhakika kwamba aliyekujibu yupo na amewahi kuishika redio. Siku wanachama watakapogundua kwamba fundi waliyemshukuru alikuwa msimamizi mwenye jina la bandia, watakuwa na haki ya kutilia shaka kila uzi, ukiwemo ule wa kweli. Nilipokuwa peke yangu niliandika kwa jina langu moja, na ukurasa wa mbele ulisema wazi kwamba jukwaa linafufuliwa na mtu mmoja anayejibu kila swali ndani ya siku 2.

Ndipo nikawaandikia wanachama wa zamani, barua moja tu. Sikuwasihi warudi. Niliwaeleza kilichofanyika, nikawapa orodha ya maswali 14 yaliyonishinda, nikauliza kama kuna mwenye kujua lolote kati ya hayo, na chini nikaweka njia ya wazi ya kufuta akaunti kwa asiyetaka kuendelea. Waliojifuta walikuwa wengi kiasi, nami niliheshimu hilo siku ileile. Lakini ombi la msaada kuhusu jambo mahususi liliamsha kitu ambacho mwaliko wa jumla usingekiamsha. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya kutengeneza redio maisha yake yote alirudi kujibu swali moja, akakuta jingine, na katika mwezi ule alijibu 6. Wanachama walipoanza kumwita "Mzee" na kumsubiri, nilijua kwamba sibebi tena peke yangu.

Watu hunikumbusha kwamba makundi ya WhatsApp na Telegram yamechukua nafasi ya majukwaa. Nami nimo kwenye makundi hayo na nayapenda, kwa sababu fundi aliyekwama mezani anapata jibu kabla kifaa chake cha kulehemu hakijapoa. Ila nimehesabu swali la mvumo likiulizwa katika kundi moja mara 11 ndani ya mwaka, na kila mara wale wale 2 wakilijibu upya mpaka mmoja akachoka na kuondoka. Kundi la simu kwa kawaida halifunguki kwa mtu aliye nje anayetafuta, na aliyejiunga jana mara nyingi haoni yaliyosemwa juzi. Siku hizi kuna makubaliano mazuri kati yetu: jibu refu likipatikana kundini, mmoja wetu hulihamishia jukwaani kwa idhini ya mwenye kulitoa, na swali likirudi tena kundini, hutumwa kiungo.

Kwa wanachama wapya nina desturi moja, kwamba ujumbe wa kwanza wa mtu usilale bila jibu. Hata kama jibu lenyewe halijapatikana, mmoja wetu humwomba picha ya chasisi au kipimo cha volti, na mara nyingi swali zuri la kurudisha humfanya aone mwenyewe tatizo lilipo. Wapo wajuzi wenye ulimi mkali ambao humwambia mgeni, "Swali hili limeshajibiwa, tafuta." Niliwaandikia faraghani, kwa adabu, nikawaomba waweke kiungo na kunyamaza kuhusu yaliyobaki. Wawili walikubali na mmoja akaondoka. Maarifa yake yalikuwa makubwa, na kuondoka kwake kulituumiza.

Mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Funguo za seva, za kikoa na za nakala rudufu sasa ziko kwa watu 3, na kila mmoja wetu amewahi, angalau mara moja, kuirudisha nakala nzima peke yake bila kuuliza. Orodha ya maswali yasiyo na majibu bado iko juu kabisa ya ukurasa wa mbele, ambapo zamani palikuwa na tangazo. Yamebaki 3. Moja linahusu redio ambayo mchoro wake wa saketi hakuna kati yetu aliyewahi kuuona, na mwenye kuliuliza, aliyeandika miaka 9 iliyopita, ni mmoja wa wale 7 waliojibu barua pepe zangu za taarifa. Redio hiyo bado anayo, na wiki hii ametutumia picha za ndani, upande wa juu na wa chini, ili tuuchore mchoro huo wenyewe waya kwa waya.